Mkono wa kushoto wa mukubwa wangu: historia fupi ya kurudisha mikono baada ya shingo kuvunjika



Wengi hapa munanijua kama mtu wa udongo, mbegu na mafuta ya mawese. Leo ninaandika historia ya mkono wa mwanadamu. Sababu nitaisema mara moja, musidhani ninajifanya munganga.

Mukubwa wangu, mtoto wa mama mukubwa, alianguka kutoka juu ya mti wa ngazi mwaka 2016. Alikuwa anakata ngazi kama alivyofanya toka ujana wake. Shingo ikavunjika. Aliishi, lakini miguu haikurudi na vidole havikurudi. Mabega yalibaki. Kukunja kiwiko kulibaki. Na kuinua kifundo cha mkono, pale tunapofunga saa, nako kulibaki.

Toka utoto yeye alikuwa mtu wa mkono wa kuume. Leo anakula bugali kwa mkono wa kushoto, na wageni wasiojua habari yake wananung'unika. Mkono wa kushoto unashika kikombe, simu, hata kipande cha sabuni. Ule wa kuume haushiki kitu. Shingo ni moja na jeraha ni moja. Tofauti ya mikono hiyo miwili haikutoka kwenye mti. Ilitoka nyumbani kwetu, na kwa sehemu kubwa ilitoka kwangu.

Nitaeleza. Lakini kwanza tupitie historia, juu bila historia hamutaona kosa letu lilikuwa wapi.

Maandishi ya zamani kabisa tunayoyajua juu ya jambo hili yanatoka Misri, kwenye bara letu. Mwaka 1862, Mmarekani mmoja aitwaye Edwin Smith alinunua karatasi ya mafunjo kule Luxor. James Henry Breasted aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1930. Iliandikwa karibu miaka 1600 kabla ya Kristo, na ilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi. Ndani yake kuna wagonjwa 48, na wa 31 ni mtu aliyeteguka mfupa wa shingo, asiyeisikia tena mikono yake wala miguu yake. Mganga wa Misri alimpima vizuri, akaandika dalili zote, kisha akatoa hukumu: huu si ugonjwa wa kutibu.

Tusimcheke. Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 3,000, na kwa muda huo wote ilikuwa karibu na ukweli. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa baada ya wiki au miezi michache. Hawakuuawa na mfupa wenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulala na uchafu wa mkojo uliopanda mpaka kwenye figo.

Aliyebadilisha hesabu hiyo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 akafika Uingereza. Februari 1944 alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo pale Stoke Mandeville. Dawa yake kubwa haikuwa mashine. Ilikuwa kumgeuza mgonjwa kila saa 2, mchana na usiku, kutunza kibofu, na kukataa kumwacha mtu alale akingoja kufa. Tarehe 29 Julai 1948, siku Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa wake 16 walishindana kupiga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Ile ndiyo mbegu ya Michezo ya Paralimpiki.

Hapo ndipo swali la mikono lilizaliwa. Mtu anayekufa baada ya wiki 3 haulizi atashikaje kijiko. Anayeishi miaka 30 anauliza kila asubuhi.

Sasa tuone mwili unavyofanya kazi. Ndani ya uti wa mgongo unapita ugwe laini unaobeba amri za ubongo. Kwenye shingo, ugwe huo unatoa jozi 8 za neva, na zile zinazokwenda mikononi zimepangwa kwa ngazi. Tukizihesabu kutoka juu, ya 5 inasaidia bega na kukunja kiwiko. Ya 6 inainua kifundo cha mkono. Ya 7 inanyoosha kiwiko. Ya 8 inakunja vidole. Kwa hiyo mahali ugwe ulipoumia ndipo panapoamua mtu atabaki na nini. Mukubwa wangu aliumia chini kidogo ya ya 6. Alikosa vidole, lakini kifundo cha mkono kilibaki.

Na kifundo hicho kina siri. Fanya jaribio hili sasa hivi, hapo ulipo. Legeza mkono wako kabisa, uache kiganja kining'inie chini kama kitambaa kilicholowa. Vidole vinafunguka. Sasa inua kifundo polepole, na vidole uviache bila kuvilazimisha. Umeona? Vinajikunja vyenyewe, na kidole gumba kinasogea kwenye ubavu wa kidole cha shahada. Sababu ni kwamba kano, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa ya vidole, zinapita juu ya kifundo. Kifundo kikiinuka, zinavutwa. Waganga wanaita jambo hili tenodesisi. Mtu ambaye vidole vyake vimepooza anaweza kushika kwa njia hiyo: anainua kifundo kushika kitu, anakishusha kukiachilia. Lakini kuna sharti moja. Hizo kano zisiwe ndefu mno. Zikilegea, kifundo kinainuka na vidole vinabaki wazi.

Watu wa kwanza kuijenga elimu hii kwa nguvu hawakuanza na waliovunjika shingo. Walianza na polio. Kule California, lopitali ya Rancho Los Amigos ilijaa watu waliopoozwa na polio. Chanjo ilipofika mwaka 1955, wagonjwa wa namna hiyo wakapungua, na ujuzi ukahamia kwa majeruhi wa shingo. Mwaka 1963, Vernon Nickel, Jacquelin Perry na Alice Garrett walichapisha kazi yao juu ya mkono uliopooza vibaya. Mojawapo ya njia zilizotumika huko ilikuwa kifaa cha bawaba kinachounganisha kifundo na vidole: mtu akiinua kifundo, vidole vinabana. Hakihitaji umeme wala betri. Nguvu yote inatoka kwenye msuli mmoja uliobaki.

Wakati huohuo njia ya pili ilikuwa inakua, ile ya kisu. Mmarekani Sterling Bunnell aliandika kitabu kikubwa cha upasuaji wa mkono mwaka 1944, wakati wa vita. Paul Brand alifika Vellore, India, mwaka 1946, akawakuta watu wa ukoma wenye vidole vilivyokunjika kama kucha za ndege. Alichukua kano ya msuli mzima, akaihamisha ili ifanye kazi ya msuli uliokufa. Mikono mingi ilirudi kazini.

Ninyi mulio na mashamba ya mpunga kule Ruzizi mutaielewa kazi hii haraka. Shamba moja limekauka, lingine lina mifereji miwili. Haulilii mto. Unachukua mfereji mmoja kwa yule mwenye miwili, unaugeuza uende kwa aliyekosa. Lakini haugusi mfereji wa mtu mwenye mmoja tu, juu utakuwa umekausha mashamba mawili. Wapasuaji wa mkono wana sheria hiyo hiyo: msuli unaochukuliwa ni ule ambao kazi yake ina mwingine wa kuisaidia. Kiwiko kina misuli zaidi ya mmoja wa kukikunja. Kifundo pia kina zaidi ya mmoja wa kukiinua, kama jeraha halikupanda juu sana. Hapo kuna cha kugawana.

Lakini kwa waliovunjika shingo, wapasuaji wengi walikuwa bado wanaogopa. Walisema faida ni ndogo, bora kumwacha mtu na kidogo alichonacho. Aliyewageuza mawazo ni Erik Moberg, daktari wa Göteborg, Uswidi. Mwaka 1975, akiwa na karibu miaka 70, alichapisha njia zake mbili. Ya kwanza: kufunga kano ya kidole gumba kwenye mfupa wa mkono, ili kifundo kikiinuka, gumba libane kwenye ubavu wa kidole cha shahada, kama mtu anayeshika ufunguo. Ya pili: kuchukua sehemu ya nyuma ya msuli wa bega na kuiunganisha, kwa kano zilizotolewa mguuni, ili inyooshe kiwiko.

Mutauliza, kunyoosha kiwiko kuna maana gani kwa mtu asiye na vidole? Moberg aliwasikiliza wagonjwa. Mtu asiyeweza kunyoosha kiwiko, akilala chali na kuinua mkono, mkono unamwangukia usoni. Hafikii kitu juu ya meza ndefu. Hawezi kujisukuma vizuri kwenye kiti. Anayekaa ofisini hawezi kuyafikiria haya. Ni lazima aulize.

Moberg alisisitiza jambo lingine: mkono usiosikia ni kipofu. Kabla ya kupasua alipima kama ngozi ya gumba inasikia, na kifaa chake kilikuwa kile kibanio cha waya tunachotumia kushikanisha karatasi. Unakinyoosha, unagusa ngozi kwa ncha mbili, unauliza: ni moja ao ni mbili? Kifaa hicho kinauzwa kwenye duka lolote la daftari hapa kwetu.

Mwaka 1978 wapasuaji wa nchi mbalimbali walikutana Edinburgh, na mwaka 1984 wakakutana tena Giens, Ufaransa. Walikubaliana namna moja ya kupanga mikono ya watu hawa. Zamani daktari aliandika mgonjwa amepoteza nini. Mpango mpya unahesabu misuli mingapi chini ya kiwiko bado ina nguvu ya kutosha, kuanzia 0 na kuendelea. Kila msuli uliobaki unaongeza kitu kinachoweza kujengwa. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa katika historia hii yote. Mganga wa Misri alihesabu kilichokufa, na hesabu yake ikamwambia asiguse. Hawa walihesabu kilichobaki, na hesabu ikawaambia pa kuanzia.

Wenye ugonjwa nao walikuwa wanaulizwa mara chache. Mwaka 2004, mtafiti Kim Anderson, ambaye mwenyewe aliumia shingo, alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha ya uti wa mgongo. Aliwauliza wanataka nini kirudi kwanza. Kati ya waliopooza mikono na miguu, karibu nusu waliweka mikono mbele ya yote. Mbele ya kutembea. Sisi wenye miguu, tukiona kiti cha magurudumu, tunaomba Mungu amsimamishe huyu mtu. Yeye pengine anaomba kushika kijiko.

Baada ya hapo teknolojia ilikimbia. Kule Cleveland, timu ya Hunter Peckham ilitengeneza kifaa kinachowekwa chini ya ngozi na kutuma umeme mdogo kwenye misuli ya mkono. Marekani ilikiruhusu mwaka 1997, na zaidi ya watu 200 walikitumia. Lakini miaka michache baadaye kampuni iliacha kukiuza, juu soko lilikuwa dogo. Mwaka 2019, Natasha van Zyl na wenzake wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya vijana 16 waliohamishiwa neva 59 kwa jumla: tawi la neva yenye kazi linaunganishwa kwenye neva iliyokatiwa amri. Neva inaota polepole, karibu milimita 1 kwa siku, kama mzizi, na wengi walihitaji kungoja muda mrefu kabla ya kushika na kuachilia vitu. Kazi hiyo haipendi kuchelewa: msuli ukikaa muda mrefu bila neva, unaacha kupokea.

Kuna pia kijana Mmarekani, Ian Burkhart, aliyewekewa chipu kwenye ubongo mwaka 2014 ikawa inaamuru mkono wake kupitia kompyuta. Ilifanya kazi kwenye maabara tu, na miaka kadhaa baadaye iliondolewa. Na mwaka 2024 yalitoka matokeo ya watu 60 waliotumia umeme unaopitia kwenye ngozi ya shingo, bila kupasuliwa, pamoja na mazoezi. Karibu 72 kwa 100 kati yao waliongeza nguvu na kazi ya mikono.

Ninafurahi kusoma hayo yote. Lakini nirudi nyumbani, juu deni langu liko huko.

Mukubwa wangu alipotoka lopitali, kuna mtu alikuja kumukanda. Alituambia: "Munyooshe vidole yake kila siku, kama hapana itabakia ngumi." Alisema kwa nia njema. Sisi tulitii. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na ile ilikuwa kazi yangu ya jioni. Nilikuwa ninashika mkono wake wa kuume, ninarudisha kifundo nyuma, ninanyoosha vidole vyote mpaka vilale sawa kama sahani. Nilifanya hivyo miezi 8. Nilijivunia: angalieni, mkono wake ni laini, haukukauka.

Mkono wa kushoto hatukuugusa. Mwezi wa kwanza tulimwekea chupa ya maji ya moto ajipashe, na juu hakusikia, ikamuunguza. Mkono ulifungwa bandeji, vidole vikiwa vimekunjwa nusu. Kidonda kilipona baada ya miezi 3, lakini sisi tuliogopa, tukaendelea kuuacha. Tulikuwa tunausikitikia ule wa kushoto, kwamba umeachwa bila matunzo.

Mwaka 2022 kine mmoja alipita mtaani kwetu kwa ajili ya mgonjwa mwingine, akaingia kusalimia. Akamwambia mukubwa wangu ainue vifundo vyote viwili. Kushoto, vidole vikajifunga polepole. Kuume, vikabaki wazi. Akauliza: "Huu wa kuume nani aliunyoosha?"

Mukubwa wangu akajibu mbele yangu: "Ni bandugu yangu. Balifanya juu ya kunipenda."

Kine hakunigombeza. Alinieleza tu yale niliyowaeleza ninyi hapo juu, ya kano na kifundo. Ndipo nikaanza kusoma, na kuona kwamba jambo lililotushinda mwaka 2016 watu walikuwa wanalitumia wazi toka 1963. Halikuwa chipu wala neva. Lilikuwa jambo lisilolipiwa hata faranga moja.

Sisi wa agronomia tunaijua aibu hii. Mbegu nzuri inaweza kukaa kwenye stesheni ya utafiti miaka mingi, na mkulima wa kilomita 10 kutoka hapo anaendelea kupanda ile ya babu yake. Elimu haitembei yenyewe. Inahitaji mtu wa kuibeba mpaka kwenye mlango wa mwisho. Shuleni walituita wabebaji wa elimu ya kilimo, na mimi nikadhani elimu nyingine zina wabebaji wao.

Basi nibebe hii kidogo. Kwetu watu wanavunja shingo kwa kuanguka kwenye miti ya ngazi, avoka na miembe, kwa ajali za moto, kwa mashimo ya madini yanayobomoka, kwa mizigo ya kichwani. Kama ni ndugu yako, na vidole vimepooza lakini bado anaweza kuinua kifundo cha mkono, shika haya. Usimnyooshe vidole wakati kifundo kimerudi nyuma. Viungo vya vidole visikauke, kwa hiyo vichezeshe, lakini hivi: kifundo kikiwa chini, vidole unaweza kuvinyoosha, kifundo kikiwa juu, vidole vikunjwe. Akijiinua kwa kuegemea mikono, vidole viwe vimekunjwa. Usimwekee kitu cha moto mahali asiposikia. Na mtafute kine mapema amwangalie, kabla ya mkandaji, kabla ya mimi.

Kwa sasa mukubwa wangu anafunga vidole vya kuume kila usiku kwa kitambaa laini, vikiwa vimekunjwa, kama kine alivyoonyesha. Viwili vya mwisho vimeanza kujikunja kidogo. Havijatosha kushika kikombe. Kwa mkono huo amejitengenezea mkanda kwa kipande cha mpira wa ndani wa kinga: anachomeka kalamu, anaandika hesabu za duka lake dogo la mafuta ya mawese. Hesabu ni safi kuliko zangu.

Mukimtembelea, musishangae akiwapa mkono wa kushoto. Ushikeni, na musubiri kidogo. Ataanza kuinua kifundo, na mutasikia vidole vyake vinawashika.